Aliyekuwa Sikudhani

Jerotich hakuwa na imani na mtu anayekupa chakula bila kukuuliza wewe ni wa nani. Kwao, Kapsabet, mgeni hamalizi kikombe cha kwanza cha chai kabla hajataja jina la baba yake, upande aliotoka na shida iliyomleta. Chibalonza hakuuliza lolote. Siku Jerotich alipofika kwenye ile nyumba ya ghorofa ya Fairfield, Sydney, na begi moja begani, mama huyo wa Kikongo alimpokea mlangoni, akamwonyesha chumba chenye kitanda kilichotandikwa vizuri, akampakulia wali na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, kisha akaketi upande wa pili wa meza akifumua nywele zake kana kwamba wamelelewa pamoja.

"Kula, dada," alisema. "Maneno itakuya nyuma."

Wiki zikapita, maneno hayakuja. Chibalonza alikuwa mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Bukavu, kazi yake kutunza wazee. Binti yake Ornella alikuwa akisoma uuguzi Adelaide, na chumba cha Ornella ndicho alichopewa Jerotich. Aliamka mapema, akaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini, akaacha chai mezani na kwenda zake. Jioni alirudi, akavua viatu na kuuliza kama umekula. Basi. Jerotich alilala akitazama dari na kuwaza: asiyeuliza ni yule anayejua tayari.

Alikuwa na sababu ya kuwaza hivyo.

Zamani, kabla ya yote, kila Alhamisi jioni watu wa Kenya walimwona kwenye runinga. Aliigiza katika kipindi cha vichekesho, na jina lake humo lilikuwa Sikudhani, msichana wa kazi mwenye ulimi kama wembe, ambaye kila wiki aliwazidi akili matajiri wake. Alikuwa na msemo wake. Bibi wa nyumba akishafoka akachoka, Sikudhani alishika kiuno, akainua mwiko juu na kuuliza kwa upole, "Kwani mwenye nyumba ni nani hapa?" Watoto wa shule waliwauliza hivyo walimu wao na kuchapwa. Wauza mitumba wa Gikomba walimpunguzia bei ili awaambie hivyo.

Ndipo wakatokea Ephraim na mkewe Nkatha, Wakenya waliokuwa wakiishi Sydney. Walimfuata Nairobi wakiwa wamevaa vizuri, wakamwambia kwamba Wakenya wa huko wana kiu ya kicheko cha nyumbani. Aje mwezi mmoja, afanye maonyesho kumbini, atembezwe baharini, arudi. Jerotich aliwaaga waigizaji wenzake wote. Alibeba hata ule mwiko.

Onyesho la kwanza liliahirishwa. La pili likafutwa. Nkatha akachukua pasipoti yake ili, alivyosema, akaongeze muda wa viza. Kisha simu yake ikaharibika, ikapelekwa kutengenezwa na haikurudi. Kisha yaya wa watoto akaacha kazi, ikawa, Jerotich, tusaidie wiki hii tu. Viza ilipokwisha, Ephraim alimkalisha kwenye kochi na kumweleza kwa sauti ya kaka mkubwa kwamba sasa yeye ni mhalifu katika nchi ya watu. Polisi wakimwona watamfunga. Heri atulie ndani. Milango ilikuwa na kufuli za namba, na namba hizo zilibadilishwa kila mara.

Alitulia ndani miaka sita. Alipika, akafua, akalea watoto wawili waliomjibu kwa Kiingereza, akalala chumba cha kufulia nguo, karibu na mashine. Huko nyumbani mama yake alipokea ujumbe ulioandikwa kwa jina la Jerotich: niko salama, kazi ni nyingi, niombee. Na kile kipindi kiliendelea. Waandishi wa kipindi walitunga kwamba Sikudhani alisafiri pwani kwa shangazi na kurudi akiwa amebadilika kidogo, na msichana mwingine akashika mwiko. Watazamaji walinung'unika mwezi mmoja, wakazoea.

Kisha asubuhi moja polisi waligonga mlango. Jerotich alijificha nyuma ya mashine ya kufua, kwa kuwa aliamini wamemjia yeye. Ni mtu gani aliyewaita, hakuambiwa. Walisema tu kwamba simu ilipigwa na mtu ambaye hakutaja jina.

Kesi ilisikilizwa katikati ya jiji, na jambo moja la siku zile ndilo lililomharibu moyo. Wakili wa Ephraim na Nkatha alisimama, akawasha skrini, na Jerotich akajiona. Ilikuwa sherehe ya siku ya kuzaliwa, sebuleni kwa Nkatha. Wageni wamejaa, sahani mikononi. Nkatha anapiga makofi akisema, "Haya, tufanyie ile yako." Na yule Jerotich wa kwenye skrini anashika kiuno, anainua mwiko, anasema msemo wake, na nyumba nzima inaangua kicheko. Hata yeye anacheka.

"Je, huyu ni mateka?" wakili aliuliza.

Jerotich aliinyoshea skrini kidole. Kisha akajibu, "Anayecheka hapo ni Sikudhani. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimesimama kwenye miguu ileile."

Wale raia waliokaa kuamua kesi walimwelewa, na mume na mke walifungwa. Lakini Jerotich hakuifikiria hukumu sana. Alichofikiria ni ile video. Mtu aliipiga akiwa ameketi kwenye kochi. Mtu huyo alikula chakula alichokipika yeye, akacheka, na baadaye akaitoa simu yake kwa wakili ili iwaokoe wenye nyumba. Mkono wake tu ndio uliotokea, pembeni mwa picha, na saa ya dhahabu. Tangu siku ile, kila Mwafrika aliyekutana naye Sydney alimtazama mkono kwanza, uso baadaye. Aliyeumwa na nyoka, akiona ung'ongo hushtuka.

Siku moja sokoni Fairfield mwanaume mmoja Mkenya alimtambua. Alifurahi hadi akaweka mifuko chini. "Si wewe ni Sikudhani? Mwenye nyumba ni nani hapa?" Jerotich aliacha nyanya zake juu ya mizani, akatoka, akatembea mitaa mingi akigeuka nyuma. Huyo bwana hakuwa na saa yoyote.

Jacky, mfanyakazi wa jamii aliyekuwa akimsaidia, mwenyewe msichana wa Nakuru, ndiye aliyempeleka kwa Chibalonza. "Jero, huyu mama ni mtu poa," alimwambia. "Mpe nafasi." Jerotich aliitikia, akampa Chibalonza nafasi ileile ambayo paka humpa mgeni: aliketi mbali na kutazama.

Na aliyoyaona hayakumtuliza. Kila Jumamosi Chibalonza alipika chungu cha mchuzi, akakifunga kwa kitambaa na kutoka nacho. Alirudi alasiri na chungu kitupu.

"Unaenda wapi, Mama Ornella?" Jerotich alimuuliza mara moja.

"Kazi."

Lakini sare yake ya kazi ilikuwa imetundikwa kwenye kamba ya nguo, ikidondosha maji. Jerotich aliitazama sare, akamtazama mwenye sare. Usiku huo alisukuma kabati hadi nyuma ya mlango wa chumba chake.

Ijumaa moja mchana alikuwa bafuni. Chibalonza, aliyedhani ametoka, alikuwa akizungumza kwa simu roshani, na dirisha dogo la bafu lilikuwa wazi.

"Iko hapa kwangu, ndiyo," alisema. "Anakula vizuri. Hapana, bado hajui kitu. Nitamwambia mimi mwenyewe." Akasikiliza kidogo. "Kesho naenda Doonside. Ndiyo, kama kawaida."

Doonside. Mtaa ule ndio uliokuwa na nyumba ya Nkatha. Jerotich alishika ukingo wa sinki. Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa. Wao wako gerezani, lakini ndugu zao wako nje, marafiki zao wako nje, na yule mwenye saa ya dhahabu yuko nje. Wamemtafutia mlinzi mwingine, safari hii mlinzi anayeimba nyimbo za kanisani. Alifungasha begi lake palepale. Kisha akalifungua tena. Akikimbia hatajua kamwe ni nani aliyemtuma Chibalonza, na kutokujua ndiko kulikokuwa kukimnyima usingizi.

Kesho yake alimfuata.

Alivaa koti lenye kofia, akapanda behewa la nyuma. Wakabadilisha treni Blacktown, Chibalonza mbele na chungu chake kifuani, Jerotich nyuma akijikinga kwa migongo ya watu. Waliposhuka Doonside alisimama jukwaani kama mgeni. Alikuwa ameishi mtaa huu miaka sita na hajawahi kuiona stesheni yake. Alikuwa akisikia tu treni zikipita, mikono yake ikiwa kwenye sinki, na kwa hesabu za kichwani alidhani reli iko mbali sana. Kumbe ilikuwa karibu namna hii. Mtu angeweza kuifikia akiwa na ndala.

Barabara ya nyumba ile aliifahamu kwa upande mmoja tu, upande wa dirishani. Rangi ya ukuta ilikuwa imebadilishwa. Uani palikuwa na baiskeli za watoto wasiojulikana. Chibalonza aliipita nyumba hiyo bila kugeuza shingo, akafungua geti la nyumba ya jirani na kuingia.

Jerotich alibaki nyuma ya gari lililoegeshwa. Nusu ya mwili wake ilisema, mguu niponye. Nusu nyingine ilikuwa na hasira, na hasira ndiyo iliyoshinda. Alivuka, akalisukuma geti.

Barazani palikuwa na mzee wa Kizungu kwenye kiti, blanketi magotini, macho yake meupe kwa ukungu wa upofu. Kutoka ndani ilisikika milio ya sufuria.

"Huyo mwanamke aliyeingia," Jerotich alisema kwa Kiingereza, "anafanya nini hapa?"

Mzee aliinua uso. Hakumtazama, ila aligeuza sikio.

"Sema tena," aliomba.

"Nimeuliza, anafanya nini hapa?"

Uso wa mzee ulifunguka polepole. "Ni wewe," alisema. "Wewe ndiye redio."

Jerotich alirudi hatua moja.

"Kila asubuhi," mzee aliendelea, "upande wa pili wa uzio. Mwanamke anafoka, mwingine anamjibu, kisha wanacheka. Sikuelewa neno hata moja, lakini nilikuwa nikisogeza kiti ili nisikie. Nilidhani ni redio ya majirani. Ilipozimika, nyumba hii ilikuwa kimya sana."

Hapo Chibalonza alitokea mlangoni na kitambaa cha jikoni begani. Alipomwona Jerotich hakushtuka sana. Alishusha tu mabega, kama mtu aliyetua mzigo mahali asipopanga.

"Haya," alisema. "Basi imefika. Huyu ni mzee Clifford. Nilikuwa namtunza kwa kazi. Sasa kampuni ilitoa kazi yake kwa mwengine, lakini anapenda mchuzi yangu, ndiyo maana nakuya Jumamosi."

"Ulikuwa unazungumza na nani kwenye simu jana?"

"Jacky. Anasumbua kila wiki: mwambie, mwambie."

"Uniambie nini?"

Chibalonza aliketi kwenye ngazi ya baraza. Alisema alikuwa akianika nguo za mzee alipoisikia ile redio kwa mara ya kwanza. Akashangaa kusikia Kiswahili, akasogea uzioni. Akamsikia bibi mkali, akamsikia msichana wa kazi anavyomjibu, akacheka hadi akajifuta machozi kwa foronya ya mzee. Siku ya pili alirudi kusikiliza, na siku hiyo, katikati ya vichekesho, msichana wa kazi alisema maneno yasiyochekesha.

Chibalonza aliyarudia, polepole, bila kuyakosea: "'Mimi si Sikudhani. Mimi ni Jerotich wa Kapsabet. Milango imefungwa na pasipoti yangu imechukuliwa. Wewe unayepita, ukisikia Kiswahili hiki, niulizie.' Kisha ukarudi kwa michezo yako kama hukusema kitu."

Jerotich aliketi chini, pale pale kwenye zege.

Maneno yale hakuwahi kumwambia mtu. Si polisi, si wakili, si Jacky. Asubuhi, wenye nyumba wakiwa kazini na watoto shuleni, alianika nguo kwenye kiua cha nyuma chenye uzio mrefu, na alicheza vipande vyake vya zamani, sauti zote mbili, ili asisahau kwamba aliwahi kuwa mtu wa kusikilizwa. Na ndani yake alichomeka ombi lake, akilificha kati ya kicheko na kicheko. Miaka ilipita, hakujibiwa na yeyote zaidi ya ndege. Baadaye alipokumbuka, aliona haya. Aliona ilikuwa dalili ya kichwa kuanza kuharibika.

"Ni wewe uliyepiga simu," alisema.

"Nilipiga siku ile ile. Jina sikutoa. Mimi nilikimbia watu wa uniforme huko kwetu tangu niko msichana, na hata hapa nikiona uniforme nageuza njia. Nilisema namba ya nyumba, nikakata."

"Na umeniweka kwako miezi yote hii na kunyamaza."

"Jacky alikuya kanisani kwetu anatafutia chumba dada mmoja aliyetolewa Doonside, nikajua ni wewe, nikasema ninacho. Yeye nilimwambia, wewe hapana." Chibalonza alikunja kitambaa, akakikunjua. "Dada, wale watu walikuwa wanakuambia kila siku, bila sisi ungekuwa nani. Sindiyo? Mimi nikuambie siku ya kwanza, bila mimi ungekuwa ndani bado? Ungekula chakula yangu namna gani? Ungekataa namna gani kufagia? Nilitaka ukae kwangu bila kuniogopa."

"Nilikuogopa sana," Jerotich alisema. "Nilisukuma kabati mlangoni."

"Nilisikia. Nikafurahi, mimi pia nilikuwa nafunga chumba yangu. Mtu aliyefungiwa miaka, sikujua kama ana kisu."

Mzee Clifford, ambaye hakuelewa lolote, aliuliza kama redio imeanza tena.

Si kweli kwamba yaliishia kwa kukumbatiana. Waliporudi, jikoni Fairfield, Jerotich alilipuka kwa hasira. Alimwambia Chibalonza kwamba wema uliofichwa na ubaya uliofichwa vinafanana kwa mtu aliye gizani. Wale walimficha pasipoti, yeye amemficha ukweli. Wote waliamua kwa niaba yake kile anachoweza kubeba. Chibalonza alisikiliza hadi mwisho. Hakujitetea. Alisema, "Pardon. Hiyo ni haki yako," akaenda kulala bila kula, jambo ambalo kwake lilikuwa zito. Siku tatu walipishana kwenye korido kama wapangaji wa hoteli. Siku ya nne Jerotich alipika yeye, kwa mara ya kwanza tangu afike. Alikuwa ameapa kwamba hatampikia tena mtu asiye wa damu yake. Alisonga ugali, akakaanga sukuma wiki, akaweka sahani mbili, na kumwita Chibalonza kwa sauti ya kawaida.

"Mama Ornella, chakula kinapoa."

Walikubaliana jambo moja tu: hakuna kupiga simu ya kumhusu mtu aliye chumba cha pili.

Baadaye alipata kazi katika duka la mikate la mama mmoja kutoka Iraki, karibu na stesheni ya Fairfield. Kabla ya kukubali aliwauliza majirani wa duka habari za mama huyo, akamuuliza msichana aliyeacha kazi ni kwa nini aliacha, na akaomba awe anauza mbele, mlango ukiwa wazi kwa barabara. Mama wa Kiiraki hakuudhika. Alisema hata yeye aliwachunguza hivyohivyo watu wa nchi hii alipofika.

Uigizaji aliurudia kwa kuvizia. Wakongo wa kanisani kwa Chibalonza waliandaa mchezo mfupi, wakamwomba awe msichana wa kazi. Alikataa katakata. Aliomba awe bibi wa nyumba. Kwenye mazoezi, alipotoa ile sauti ya Nkatha aliyoijua kwa kila pumzi, watu walicheka, kisha wakanyamaza, kwa sababu haikuwa ya kuchekesha tu. Aliona wamenyamaza, na akaona ni vizuri. Siku ya onyesho alitazama mikono ya walioketi mbele, mmoja baada ya mwingine, ndipo akaanza.

Yule mwenye saa ya dhahabu, Jerotich hajamjua hadi leo. Labda hatamjua. Wakati mwingine anapita siku nzima bila kumfikiria, kisha anamwona ndani ya kila basi.

Na Jumapili anampigia mama yake Kapsabet, kwa video, ili mama amwone uso na asitegemee tena maandishi. Mama yake sasa ni mzee, na simu huishika karibu mno hadi huonekana paji la uso peke yake.

"Huyo Mkongo unayekaa naye," mama aliuliza majuzi, "ni mtu mzuri?"

"Bado namchunguza, mama."

"Mchunguze. Lakini wewe mwenyewe unakula?"

"Ninakula."

"Basi nipe niongee naye. Nimuulize ni wa nani."

Jerotich alicheka, akainuka na kuipeleka simu jikoni. Chibalonza alifuta mikono, akajitambulisha kwa jina la baba yake, la babu yake na la kijiji chao cha Walungu. Mama alimuuliza maswali kwa muda mrefu, na Jerotich alisimama kando ya jokofu, akisikiliza kila jibu.